Nilimchagulia Mama Ufito Mzito

Wivu wangu ulianzia kwenye kiganja cha mkono. Mdogo wangu wa Columbus alimwomba dada yetu ampime Mama mkono kwa uzi, kutoka ncha ya kidole cha kati mpaka kwenye kifundo, kisha amtumie picha. Dada akakosea, akaituma kwenye kikundi cha familia, nami nikaiona nikiwa Louisville, nimekaa ndani ya gari nikingoja zamu yangu ya ghala. Mkono wa Mama, na uzi mwekundu umelazwa juu yake. Nikajiuliza, huyu bwana mdogo anampima mama yangu mkono kwa kazi gani? Nikasema mama yangu, kana kwamba yeye aliokotwa.

Ngoja nieleze vizuri. Ilikuwa mwaka 2015. Mama alikuwa ametoka kambini, na wenye kupanga mambo ya wakimbizi walimpeleka Buffalo, kwa dada yetu, maana yeye ndiye aliyeandika maombi. Sasa kwetu Uvira, kando ya ziwa, mama mkwe hakai chini ya paa la mkwe wake. Ni aibu, si mchezo. Shemeji yetu ni mtu mpole, hakulalamika, lakini alikuwa anakula amesimama jikoni ili wasikutane mezani, na Mama alikuwa anajifungia chumbani mpaka asikie gari la mkwe limeondoka kwenda kiwandani. Watu wawili wazima wanawindana ndani ya nyumba moja ili wasionane! Donc, kwa hiyo, kabla theluji haijaanguka, Mama alipaswa kuhamia kwa mtoto wa kiume. Watoto wa kiume tuko wawili, mimi wa Louisville na yule wa Columbus. Mama akasema tukutane Buffalo mwisho wa Julai, atasema mwenyewe anakwenda wapi.

Mimi ni kifungua mimba. Yule ni kitinda mimba, na nilimbeba mgongoni tulipokimbia vita, akanikojolea shati lote. Alipofika Columbus, akipanga chumba kule mtaa wa Linden, nani alimnunulia koti la kwanza? Mimi. Leo ana nyumba Westerville, pembeni mwa Columbus, ina chumba cha chini chenye dirisha, na kila akipiga simu anataja lile dirisha. Dirisha, dirisha. Mimi nakaa ghorofa ya pili, na ngazi zake zinalia. Kwa hiyo nilijua vita vyangu si vya nyumba. Nilihitaji kitu kingine cha kumvuta Mama.

Kitu hicho kilikuwa uvuvi. Mama ameuza samaki maisha yake yote, ndagala, mukeke, na sangala wakipatikana. Lakini hajawahi kuingia ndani ya mtumbwi. Baba yake, babu yangu, alikuwa mwenye mitumbwi, na alisema mwanamke akipanda, samaki wanakimbia. Mama alikuwa anangoja kwenye mchanga na karai lake. Basi alipofika Buffalo akaona wamama wa huko, wazee kama yeye, wamekaa kwenye viti vya kukunja pale mto unapotoka ziwani, wanavua besi, samaki wa maji ya huko, kwa raha zao na hakuna mwanamume anayewafukuza. Akatupigia simu sote wawili kwa pamoja. Akasema na yeye anataka kutupa ndoano kabla hajafa.

Siku ya pili nilikuwa dukani. Muuzaji, mzungu mwenye ndevu za kahawia, akaniuliza nani atavua, na atavulia wapi. Nikasema ni mama yangu, ni mto na ziwa, ni besi. Akanitolea ufito wa kuvulia, mfupi, mwembamba, unaopinda kama jani la mgomba. Akaufungia rili ya kawaida, kile kidude cha kukunjia mshipi, ile inayoning'inia chini ya ufito na kuachia mshipi wenyewe ukifungua kijichuma chake. Na mshipi wenyewe, jamani, mwembamba hata sikuuona mpaka aliponiwekea kwenye kidole.

Nilikasirika. Nilidhani ananidharau. Mimi mtoto wa ziwani, mjukuu wa mwenye mitumbwi, nimpelekee mama yangu uzi wa kushonea vifungo? Kwetu samaki ni chakula, na samaki akikata mshipi umeiaibisha nyumba. Nikamwambia anionyeshe kitu cha heshima. Nikachagua ufito mrefu kunipita, mgumu, wa watu wanaovutana na samaki katikati ya magugu. Nikachagua rili ile ya kukaa juu, inayozunguka kama gurudumu, ambayo lazima uitulize kwa dole gumba mshipi unapokwenda. Na nikachagua mshipi wa kusuka, mnene, mweusi, wa kumtoa sangala hata akiwa na mizizi. Muuzaji akasema taratibu kwamba hiyo rili inamsumbua hata mtu mwenye uzoefu. Nikasema funga.

Nilijifunza kuitumia mwenyewe kwenye ukingo wa mto Ohio, kila asubuhi nikitoka kazini. Mshipi ulijikunja ukawa kiota, nikakifungua, ukajikunja tena. Mwisho nikaweza. Siku ile nilipoitupa ndoano mbali ikaanguka bila mshipi kujikunja, nilicheka peke yangu, nikawaza yule wa Columbus na uzi wake mwekundu. Nikasema, tutaonana Buffalo.

Tukafika. Shemeji alitupeleka mtoni, akabaki mbali kwenye gari, uso ameugeuzia upande mwingine kama mkwe mwema. Dada alikuwa ameshamkatia Mama leseni ya kuvua. Mama amevaa kitenge chake cha kanisani, viatu vya mpira, na kofia ya mkwewe bila kujua ni ya nani. Kwa kuwa mimi ni mkubwa, ufito wangu ulitangulia. Akaupokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

Hapa lazima niseme kitu. Jina langu ni la babu, baba yake Mama. Kwa hiyo tangu nizaliwe Mama ananiita Baba. Baba, kula. Baba, umeamka? Yule mwingine anaitwa mwanangu. Kwangu hilo neno halijafika hata siku moja. Watu huniambia ni heshima kubwa, na mimi huitikia kwamba ni kweli.

Mama akatupa. Kiota. Nikakifungua, nikamwambia dole gumba, Mama, dole gumba. Akatupa tena. Kiota kikubwa kuliko cha kwanza. Nikasimama nyuma yake, nikamshika mikono yote miwili, nikamwonyesha hivi, si hivyo, hivi. Ulikuwa mzito kwake, kiwiko kilikuwa kinatetemeka. Nikazidi kumshika. Kadiri nilivyomwelekeza ndivyo alivyozidi kusema ndiyo Baba, ndiyo Baba, na macho yake yako chini. Nilidhani anajifunza.

Kisha mdogo wangu akamletea wake. Ufito mfupi, mwembamba, ndugu wa ule niliokataa dukani. Mpini aliuchagua kwa kile kipimo cha uzi, ukakaa mkononi mwa Mama kama mwiko wake wa ugali. Akamwonyesha mara moja tu namna ya kufungua kijichuma. Halafu akafanya jambo lililonichoma: akaondoka. Akaenda kukaa kwenye jiwe, akala karanga, hata hakutazama.

Mama alitupa vibaya, ndoano ikaanguka hapo karibu na miguu yake. Akacheka. Akatupa tena, ikaenda upande. Akacheka zaidi, akajiongelesha, akamtukana samaki kwa lugha ya sokoni. Sijamsikia Mama akicheka hivyo tangu nikiwa mdogo. Na mara ufito ukapinda, rili ikalia, na Mama akaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua akikunja mshipi, kofia imeanguka, akimwita mwanangu, mwanangu, njoo uone. Besi wa kahawia, mnene, mwenye mistari ubavuni. Ule uzi wa vifungo haukukatika. Nilimtazama samaki yule nikamchukia. Nilimchukia samaki, nikamchukia mdogo wangu, hata karanga zake nikazichukia.

Jioni Mama alimpika mwenyewe. Akanipa mimi kichwa, kwenye sahani ya peke yake, kama anavyopewa baba mwenye nyumba. Mkia akala na mdogo wangu kwenye sahani moja, wanagongana vidole. Kichwa cha samaki ni heshima, kila mtu kwetu anajua. Nilikinyonya mifupa yote, nikitamani mkia.

Sikuweza kuvumilia. Mdogo wangu alipotoka kunawa nikamuuliza Mama anakwenda wapi.

"Bon, Baba. Nitaenda Columbus."

"Kwa sababu ya samaki mmoja?"

Akafuta mikono kwa kitenge, akakaa vizuri.

"Hapana. Baba yangu alininyima mutumbwi. Wewe umenipa ufito, lakini mikono yako haikutoka juu yake." Akaniangalia usoni, jambo asilolifanya sana. "Kwako nitakuwa naishi kwa baba. Nimeshakuwa mutoto wa baba yangu mara moja, ikatosha. Kwa ule mwingine nitakuwa mama."

Nilitaka kumuuliza, na mimi je, mama yangu atakuwa nani? Nikanywa maji.

Asubuhi mdogo wangu akapakia mizigo ya Mama, masanduku mawili, karai, na ule ufito mfupi akaulaza kwenye kiti cha nyuma. Wangu ulibaki umeegemea ukuta wa nyumba. Mama hakuingia garini. Akaja mbele yangu, akapiga goti, mikono ameifumba.

"Baba, nipatie ruhusa."

Mdogo wangu akaacha alichokuwa anafanya. Alijua, na mimi nilijua. Nikikataa, Mama hataondoka. Atashusha masanduku yake bila neno, atapanda gari langu, na atakaa Louisville ghorofa ya pili akisema ndiyo Baba mpaka siku ya kufa kwake. Hakuna mtu angenilaumu. Mjukuu mwenye jina ndiye mwenye neno. Nilimtazama mdogo wangu pale kwenye buti la gari, mtu mzima mwenye nyumba, na midomo inamcheza. Na sitadanganya, kwa muda fulani nilifurahi kumwona anaogopa.

Kisha nikaiona mikono ya Mama. Kwenye dole gumba la kulia kulikuwa na alama nyekundu ya mshipi wangu mnene, pale nilipokuwa nimelikandamiza kwa langu.

Nikamshika bega, nikamwinua. Nikatafuta sauti ya babu, mtu ambaye nilimwona nikiwa mdogo sana na ambaye sikumbuki akicheka.

"Nenda, mwanangu," nikasema. "Nenda ukavue."

Mama akaziba mdomo kwa kitenge. Kisha akaingia garini haraka haraka, mbele, karibu na mdogo wangu, na kabla hawajafika kwenye kona nilikuwa nimeanza kumwonea wivu mdogo wangu tena. Lile neno lilikuwa limepita kati yangu na mama yangu kwa mara ya kwanza, na lilitoka kwangu.