Bosi anataka tulale, na nyama imelala

Wasee, leo nimejua kwa nini bucha yetu pale soko la Burma haina wateja.

Ati ni usingizi wangu.

Asubuhi mdosi wetu amekuja na video ya mtaalamu fulani wa biashara kwenye simu. Akatusimamisha mbele ya friji, mimi na mwenzangu Kamau.

"Biashara ni mfanyakazi aliyelala vizuri! Nyinyi mnakesha, wateja wanahama. Kuanzia leo, kila mtu akishalala anitumie meseji."

Akishalala. Ndiyo atume meseji.

Nikarudi kwa nyama yangu. Kazi ni kazi.

Hapo akaingia Mama Zainabu mwenye hoteli. Zamani alikuwa hapa kila siku, mpaka mdosi alipoanza kuuza ng'ombe mmoja wiki nzima.

Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa ng'ombe. Mama akaunusa, akakunja uso.

"Hii imelala?"

Yeye aliuliza nyama, kama ni ya tangu juzi. Lakini mnajua vile huku mtaani hata mtu huitwa "hii". Mdosi, kichwa kimejaa ile video ya usingizi, akadhani anaulizia mimi!

Akajibu kwa kifua: "Usijali mama! Kesho utaipata imelala zaidi!"

Wueh.

Mama alishika mkoba wake akaenda bucha ya jirani, ambako muuzaji alikuwa anapiga miayo kama kiboko. Na foleni iko mpaka nje.

Kwenu pia kuna mdosi mtaalamu kama huyu, ama ni sisi tu?

Mdosi, kama unasoma, meseji yako ndiyo hii: mimi nimelala. Nyama imelala. Sasa amka wewe.