Kabla Ulimi Haujawa Mzito

Kanisa letu la hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, halina mchezo na pombe. Hata kwenye Meza ya Bwana tunaweka juisi nyekundu, tena iliyoongezwa maji, isije ikamkumbusha mtu divai. Ndilo kanisa tulilokuja nalo kutoka Kivu Kusini, na ndilo lililomtenga mama yangu kwa ulevi.

Mama hakuwahi kuonja pombe. Alianza kuyumba tulipokuwa tumeshajenga nyumba yetu ya udongo. Alirudi kutoka bombani akijishikiza kwenye kuta za majirani, na majirani wana macho. Akaitwa mbele ya wazee wa kanisa ajieleze. Nilienda naye, msichana wa shule, nikabaki nimesimama mlangoni. Wakati huo ulimi wake ulikuwa umeshakuwa mzito. Kila alipojitahidi kusema kwamba hajanywa, maneno yalitoka yameshikana, na wazee wakatazamana. Kujitetea kwake ndiko kulikomtia hatiani. Akakatazwa Meza ya Bwana mpaka atubu. Atubu nini? Alikaa benchi la nyuma mpaka tulipomzika, trei ya vikombe ikimpita kila mara, nami pembeni yake na hasira ambayo mpaka leo haijaisha.

Sasa mimi ndiye shemasi ninayebeba trei hiyo. Nilipoteuliwa nilikubali kwa ukaidi mtupu: nilitaka wamwone binti wa mlevi akiwahudumia, mmoja mmoja, na wapokee.

Jumapili moja nikipita kati ya mabenchi nikasikia vikombe vinagongana. Sauti ndogo tu, kama ya mtu anayekoroga chai chumba cha pili. Sikumwaga kitu, na hakuna aliyegeuka. Lakini sauti ile niliijua. Sahani zilikuwa zikilia hivyo mikononi mwa mama, muda mrefu kabla miguu yake haijaanza kumsaliti.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Naishi peke yangu. Kaka yangu alihamishiwa ng'ambo na familia yake, na majirani zangu ni watu wema ambao habari ikiingia sikioni haikai. Nikawa nafunga mlango mchana kweupe na kutembea sakafuni, kisigino cha mguu huu mbele ya vidole vya ule, nikijipima. Siku nyingine nilijiona mzima. Siku nyingine sikuwa na hakika, na kutokuwa na hakika kulinichosha kuliko kulima.

Mwishowe nikaenda mjini Mbarara, kwenye kliniki moja ya kilima cha Kamukuzi anakokuja daktari wa mishipa ya fahamu. Ni mwanamke wa huko huko, mpole, asiye na haraka. Aliniita nyabo, kama wanavyomwita mwanamke kwa heshima kwao, akasimamisha kalamu upande mmoja na kidole upande wa pili.

"Nyabo, angalia kalamu. Sasa kidole. Macho tu, kichwa wacha hapo."

Halafu akaniambia nitembee juu ya mstari wa vigae. Nilitembea vizuri, nikajisikia fahari kama mtoto aliyefaulu. Kisha akaniuliza mama yangu alikuwa anatembea namna gani. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza mama alitembeaje bila kuuliza alikunywa nini. Nikamweleza yote.

"Miguu yako bado iko sawa," akasema. "Lakini macho inachelewa kufika, halafu inaruka kidogo. Hii ugonjwa ya familia inaanza nyuma ya ubongo, pale inapanga mwendo. Macho inaweza onyesha mbele ya miguu. Damu tutatuma mbali kuhakikisha, lakini mimi naona imeanza."

"Iko dawa?"

"Ya kuimaliza, hapana. Iko mazoezi, na nitakuwa nakuangalia. Tumeipata mapema, nyabo."

Neno hilo liliniudhi. Mapema ya nini, kama dawa hakuna? Niliteremka kilima nimelibeba, nikampigia kaka yangu, kwa sababu damu yangu ni yake pia. Hakuniacha nimalize.

"Usiniambie, dada. Miye sitaki kujua. Ninalalaka muzuri."

Akakata simu. Nikaingia kwenye hoteli ndogo, nikaagiza chai, nikaiacha ipoe huku nikiwatazama watu wa Mbarara wakivuka barabara bila hata kuifikiria miguu yao. Sijawahi kujisikia mpweke kama siku ile, hata siku ya kumzika mama.

Nyumbani nikarudi kwenye vyombo vyangu. Nilikuwa naviosha na kumsema daktari kwa sauti, kama tufanyavyo sisi wa nyumba zisizo na mtu, nikasikia jinsi maneno yanavyotoka. Yalitoka mazima, kila moja na mwisho wake. Nikaacha kuosha. Mama aliitwa kujieleza akiwa ameshachelewa. Mimi sikuwa nimechelewa.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, nilisimama kabla ya kuishika trei.

"Bwana asifiwe. Mama yangu hakunywaka pombe hata siku moja. Alikuwa mugonjwa. Ni ugonjwa ya mu familia yetu, na docteur wa Mbarara ameniona nayo. Siku mutaniona ninayumba, ulimi umekuwa muzito, mukumbuke niliwaambia leo, ningali ninasema muzuri."

Vichwa vikageukia mbele. Mzee wa kanisa aliyelitangazia kanisa adhabu ya mama bado yu hai. Hukaa benchi la mbele, kiganja nyuma ya sikio. Aliinua mkono.

"Mwanangu, masikio yangu imekufa," akasema. "Umesema nini juu ya mama yako? Rudilia."

Nikasogea mpaka mbele yake, nikarudia yote.