Miduara ya Dada na Kiti Changu cha Kunyolea

Dada yangu hawezi kuona karatasi tupu akaiacha tupu. Yeye ni afisa afya wa kituo chetu, kazi yake ni kuwafikia watu kabla ugonjwa haujawafikia, na kila analotaka kulifanya lazima kwanza alichore. Sebuleni kwake, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi, pana karatasi kubwa ya manila yenye miduara inayozungukana. Katikati kuna mtu, kisha nyumba yake, kisha kazi yake, kisha mtaa, na nje kabisa serikali na sheria zake. Niliwahi kumtania kwamba shemeji akiulizwa anaishi wapi atajibu duara la pili. Hakucheka. Dada hucheka baadaye, wewe ukiwa umeshasahau ulichosema.

Maana ya miduara hiyo alinieleza mara nyingi kuliko nilivyoomba. Ukitaka mtu abadili jambo, anasema, usimpigie kelele yeye tu pale katikati. Tazama kila duara linalomzunguka, uone ni lipi limemshika shati. Mimi ni kinyozi, nimezoea kushughulika na kichwa kimoja kwa wakati, kwa hiyo nilimsikiliza kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa na nikaendelea na zangu.

Kisha mchukuzi mmoja akaanguka sokoni na gunia la vitunguu mgongoni. Hakufika hospitali. Wakasema ni presha, na kwamba maisha yake yote hakuwahi kupimwa. Alikuwa rafiki wa chanda na pete wa shemeji yangu, mume wa dada, ambaye soko zima linamwita Winchi kwa jinsi anavyoinua mizigo. Shemeji ndiye msimamizi wa wachukuzi: asubuhi yeye hupanga nani abebe nini. Na shemeji mwenyewe alikuwa akiumwa kichwa, akiona ukungu machoni, akisingizia jua hata siku za mawingu.

Dada alimbembeleza apimwe, akakataa. Akamnunia, akakataa. Waliosema mganga hajigangi walimwona dada yangu, maana aliweza kuupima mji mzima isipokuwa mtu anayelala naye mto mmoja. Mchana mmoja dukani hapakuwa na mteja, akaja akakaa kwenye kiti changu na kujitazama kwenye kioo.

"Nitaitwa mjane," akasema, "na kipimo kimo kwenye mkoba wangu."

Nikaanza kufuta mkasi uliokuwa safi.

Basi akaitisha mkutano wa wachukuzi. Alitundika miduara yake ukutani, chini ya kila duara akaweka kopo, na kila mtu akapewa kifuniko kimoja cha soda. Swali lilikuwa moja: nini kinawazuia wanaume wa soko kupima presha? Tia kifuniko chako panapohusika. Na hapo dada, aliyelelewa vizuri na mama yetu, akafanya kosa la watu waliolelewa vizuri: akamwomba mwenyekiti wa soko aanze. Mwenyekiti akasimama, akakohoa, akatia chake kwenye kopo la katikati, la mtu mwenyewe, akieleza kwamba shida ni watu kukosa elimu. Nani amzidi mwenyekiti? Walifuatana kama wako kwenye foleni ya maji, vifuniko vyote vikaingia kopo moja. Nilikuwepo. Na mimi nilitia humo humo.

Mpango ukatoka kama kopo lilivyosema. Elimu. Yakabandikwa mabango, kipaza sauti kikapita, meza ya kupimia ikawekwa kwenye lango la soko na kutandikwa kitambaa cheupe. Walikuja bibi wachache, mwenyekiti, na mtu mmoja aliyetaka kujua kama vile viti vinakodishwa. Wachukuzi wote walianza kupita lango la nyuma, na aliyewaonyesha njia ni shemeji.

Nilidhani dada atakata tamaa. Alikasirika, lakini alijikasirikia mwenyewe. Alikuja na karatasi yake imekunjwa, akasema kosa si miduara, kosa ni kwamba aliuliza watu mbele za watu. Akaomba chumba changu cha nyuma, kile cha kuoshea nywele, chenye pazia. Tangu siku hiyo kila mchukuzi aliyekuja kunyolewa alipitia kwanza nyuma ya pazia, peke yake na makopo na kifuniko chake.

Tulipoyafungua, kopo la katikati lilikuwa karibu tupu. Lililojaa ni la kazi. Mzee mmoja wa wachukuzi alimweleza dada taratibu: tangu yule mwenzao aanguke, anayejulikana ana presha hapangiwi mzigo. Kwa hiyo kukaa kwenye ile meza langoni ni kujifukuzisha kazi hadharani. Elimu walikuwa nayo tele, na ndiyo iliyowakimbiza.

Dada alishukuru, akaagana naye vizuri, kisha akakaa chini. Anayepanga mizigo alikuwa mume wake. Hakuwa na roho mbaya, alikuwa na hofu ya kuzika mwingine, na hofu hiyo ilikuwa imelifunga soko zima, yeye mwenyewe akiwa ndani. Nilimwambia sasa akamkaripie. Akasema kukaripia ni kurudi kule kule katikati, na akachora mshale kutoka duara la kazi, mwishoni pake akachora kiti changu: wachukuzi wapimiwe hapo.

Niligoma. Nilisema hili ni duka la kunyolea, si hospitali. Akajibu kwamba hakuna anayemwuliza mtu kwa nini amekaa kwa kinyozi, na kwamba shuka langu linafunika mikono. Nikakubali. Alinifundisha kufunga kile kitambaa cha kipimo juu ya kiwiko, miguu ya mteja ikae chini, atulie kwanza, na wote wawili tusiongee. Hilo la mwisho lilinitesa. Lakini watu walikuja, mkono ukiingia chini ya shuka, namba zikisemwa sikioni, na wenye presha wakielekezwa kwa dada kituoni.

Winchi peke yake hakuja. Aliacha nywele zikawa kichaka, watu wakaanza kuniuliza kama tumegombana.

Akaja Jumamosi, benchi limejaa vijana wake. Akakaa bila salamu. Nikatandika shuka, nikaanza kunyoa upande mmoja, na nilipofika sikioni akauliza kwa sauti ya chini:

"Ikiwa juu, utamwambia dada yako?"

"Sitamwambia, shemeji. Utamwambia wewe."

Akanyoosha mkono chini ya shuka. Nilipima, nikasubiri, nikapima tena kwa kuwa sikuzipenda namba. Mara ya pili hazikuwa nzuri zaidi. Nilimnong'oneza. Alijitazama kwenye kioo na kichwa chake kilichonyolewa nusu, na mimi niliogopa, nasema kweli, kwamba atainuka aondoke na asirudi tena.

Akalivuta shuka, akaliangusha sakafuni. Mkono wake mnene ulikuwa wazi, kipimo bado kimeufunga, na benchi zima likauona.

"Yangu iko juu," akawaambia. "Aliye nayo aseme, atapangiwa mizigo midogo mpaka ishuke. Simfukuzi mtu. Nikimfukuza, nianze na mimi."

Yule wa mwisho kwenye benchi, mkubwa wa mwili kuliko wote, akaanza kukunja mkono wa shati lake.

Dada aliitwa akaja mbio na koti lake la kazi, akapita katikati yao asimwone yeyote. Aliweka kiganja kwenye upande ule ulionyolewa wa kichwa cha mumewe, akalia mbele za watu, na shemeji, asiyejua auweke wapi mkono wake, akamwuliza vidonge humezwa kabla ya kula au baada.