Divai ya mabibo iliyonuka kiberiti

Leo asubuhi kaka yangu, Baba Deo, ameonja divai ya harusi ya binti yake akakohoa mpaka akakaa chini.

Divai yenyewe ni ya mabibo, nimeitengeneza mimi hapa Lisekese. Na harusi ni kesho.

"Inanuka kiberiti," akasema. "Bora niagize soda."

Hapo wageni wa Newala wameshaahidiwa divai ya shangazi mtu.

Nikatoa kipimo changu. Unadondosha dawa ya kupimia kwenye divai kidogo mpaka igeuke bluu. Ikichelewa kugeuka, ujue salfaiti, ile dawa ya kuzuia divai isiharibike, imezidi.

Nikadondosha, nikadondosha. Bluu haitokei.

Wifi yangu, Mama Deo, akainamisha kichwa. "Juzi nilidhani umesahau kuitia, wifi. Nikatia na mimi."

Jamani. Tukatazamana, halafu tukacheka mpaka machozi.

Bahati nzuri nilikuwa na dumu jingine ambalo halijatiwa dawa kabisa. Tukachanganya, tukamimina kutoka ndoo hii kwenda ile ili harufu itoke, nikapima tena.

Bluu ikatokea pale pale ninapoitaka.

Tukampelekea kaka glasi. Akanusa. Akanywa yote. Akanyoosha mkono tumwongezee.

"Hii," akasema taratibu, "nitammiminia mkwe wangu kwa mkono wangu."

Nimetoka nje nikapiga kigelegele peke yangu, kuku wakatawanyika.

Watengenezaji wenzangu, nyie mnapima au mnaonja tu?