Mpiga picha wa Voi asiye na picha za kuonyesha

Saa tatu asubuhi. Tryphena Mghoi anarudi hatua mbili na kuinamia kamera. Mbele yake kijana aitwaye Austin ameketi ndani ya joho la mahafali alilokodi, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi.

"Inua kidevu, mwanangu. Usicheke kama unaumwa na jino."

Austin anacheka kweli, na hapo hapo picha inapigwa. Ni nzuri. Kijana anaitazama, anakuna shingo.

"Iko poa, anti. Lakini unaweza kuitengeneza ikae kama za Cynthia?"

Tryphena anaigeukia kamera. Anafuta lenzi isiyo na vumbi.

Cynthia ana studio ng'ambo ya barabara, yenye mlango wa kioo. Hakuna msichana wa Voi ambaye hajaona picha zake kwenye simu. Miaka sita iliyopita alijifunza kazi hapa hapa, kwa Tryphena.

"Nilimfundisha hata kufunga lenzi," anasema Tryphena, mwenye umri wa miaka 49. "Leo wateja wangu wananiambia nimuige. Hilo donge halimezeki."

Mzaliwa huyu wa Wusi, kwenye milima ya Taita, aliteremka Voi miaka ishirini na moja iliyopita. Amepiga picha za ubatizo, harusi na mazishi. Picha nne za pasipoti ni shilingi mia mbili, na kuna siku hapati hata mteja mmoja.

Kilichomsomeshea watoto ni kupamba, sherehe ya wanawake peke yao ambapo bibi harusi huonyeshwa akiwa na hina, dhahabu na mavazi yake. Familia za Kiislamu za Voi haziruhusu mwanamume kuingia, wala mgeni kutoa simu. Tryphena, Mkristo wa milimani, huingia.

Anaaminiwa kwa sababu moja. Kabla ya kutoka huchomoa kadi ya kamera na kumkabidhi mama wa bibi harusi. Kesho yake mama huileta studio, hukaa hadi picha ya mwisho ichapishwe, kisha huondoka nayo. Studioni hakibaki kitu.

"Kazi zangu nzuri kuliko zote zimo kwenye makabati ya watu," anasema.

Mwezi ujao anaolewa Faiza, kitindamimba wa Bi Mwanabibi, muuza nguo mjini. Kupamba za dada zake wawili alizipiga Tryphena, na hii pia aliihesabu kuwa yake. Kisha akasikia kwamba Faiza anamtaka Cynthia.

Akaenda dukani moja kwa moja.

"Nikasema, 'Bi Mwanabibi, yule atamwanika mwanao mtandaoni.' Nilijua ni uongo. Cynthia hajawahi kuweka picha ya mtu bila ruhusa."

Bi Mwanabibi aliendelea kukunja leso. "Umeyaona hayo, Tryphena, au ni kijicho?"

"Ni kijicho," alijibu, akalia pale pale katikati ya madera.

Faiza alikuwa kwenye kaunta. "Anti, za Cynthia nimeona mia. Zako mama amezifungia kabatini, sijaona hata moja."

"Dada zako je? Waulize."

"Niliwauliza. Wanasema hawakumbuki hata kukuona ukipiga."

"Basi hiyo ndiyo kazi yangu, mwanangu."

Bi Mwanabibi aliamua. Cynthia atapiga, maana anayeolewa ni Faiza. Lakini hataingia bila Tryphena, na kadi itatoka kwenye kamera kwa mkono wa Tryphena.

"Mtu anayekiri kijicho chake mbele ya wateja wangu," alisema mama huyo, "hawezi kuniibia picha."

Tryphena amekubali, ingawa haijamwia rahisi kwenda kumlindia kadi mwanafunzi wake. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, hupiga magoti na kumwomba Mungu amwondolee wivu. Kwa siku tisa mfululizo amemtaja Cynthia kwa jina.

Hata hivyo, siku ya kupamba atabeba kamera yake, ikiwa imejaa chaji. Anapoulizwa ni ya nini, anafunika mdomo kwa kiganja, akicheka.

"Nimeomba Mungu ambariki Cynthia, kazi yake impendeze Faiza. Nimeomba kwa moyo wote," anasema. "Halafu nikaomba betri yake iishe kabla bibi harusi hajatoka kuonyeshwa. Mungu achague mwenyewe ombi la kujibu."