Utando wa Sabuni Ulioita Nyuki

Aibu hii nimeificha miaka mingi, ila nyie ni wenzangu, chekeni tu.

Nilikuwa kidato cha tatu huko Nachingwea, mwishoni mwa miaka ya tisini, na shangazi alishanipatia mchumba Ruangwa, hivyo baba akasema siku ya wazazi atakuja ajionee mwenyewe hiyo fizikia ninayoisifia, akiona ni upuuzi narudi nyumbani naolewa. Mwalimu akanipa jaribio la kuonyesha mawimbi ya mwanga yanavyofutana: unachovya duara la waya kwenye maji ya sabuni, unalisimamisha mbele ya kaniki nyeusi, rangi zinajipanga kwenye ule utando, halafu juu kabisa panaingia weusi. Gliserini ya kuzuia utando usipasuke upesi hatukuwa nayo, basi mimi mjuaji nikatia asali (tena ya baba mwenyewe, na sikupima), nikaacha beseni dirishani, hotuba zikaanza, na hotuba za siku ya wazazi mnazijua.

Zamu yangu ilipofika nikavuta beseni bila kuangalia, nikachovya waya, nikauinua, na nyuki wakainuka nao. Mkuu wa shule akapitia dirisha la pili, mwenyekiti wa wazazi akaacha kiatu, akina mama wakaenda mlangoni wote kwa mpigo, na mimi nimesimama na waya wangu nalia. Baba peke yake hakukimbia. Aling'oa ile kaniki ukutani, akatufunika, akaacha upenyo kidogo (mdomo wake tayari umevimba).

"Tulia. Usimpige hata mmoja." Kisha akautazama waya, utando bado mzima. "Mbona hapa juu peusi, na mwanga unaingia?"

Nikamweleza kwa kwikwi kwamba mwanga mmoja unarudi kutoka uso wa mbele wa utando, mwingine uso wa nyuma, na pale juu palipokuwa pembamba mno kilele cha wimbi moja kinaangukia bonde la jingine, yanafutana.

"Mwanga na mwanga vikutane, pawe giza?"

"Hapo juu tu, baba. Huku chini mengine yanaongezana, ndiyo maana unaona rangi."

"Hebu nieleze tena."

Nikaeleza tena, utando ukampasukia usoni.

Naapa sijatia tena asali kwenye kitu kisicholiwa. Njiani kurudi nyumbani baba aliendesha baiskeli mpaka karibu na kijiji cha Marambo, mimi nyuma nimekufa kwa aibu, ndipo akasema, "Shangazi yako nitaongea naye mimi. Jumatatu usichelewe shule." Nikamshika mgongo nikalia, na jamani, hadi leo sijamaliza kumshukuru.