Futari ya Zamu ya Adila

Inasemwa mtaani kwetu, na sasa nasikia imefika hadi Msata, kwamba wakwe zetu wa Pangani walifuturishwa halua na kahawa kwa sababu nyumba ya marehemu mume wangu, Msabaha, imefilisika. Na kwamba wifi yangu Sihaba ni bahili anayelaza watoto njaa. Halua ni kweli. Mengine ni uzushi, na kwa kuwa nilikuwapo, nitaeleza.

Sihaba ni dada mkubwa wa marehemu. Anaishi nasi hapa Bagamoyo, na anashona mapazia na mashuka ya maharusi barazani. Tulipomzika ndugu yake tuligawana malezi: masomo ya watoto yakawa yangu, kuwafunza matumizi ya fedha kukawa kwake. Sijapata kujutia mgawo huo.

Njia yake ni hii, nayo aliianza marehemu angali hai. Ramadhani ikiingia, kila mtoto aliyetimiza miaka kumi anapewa zamu. Asubuhi anakabidhiwa fedha ya futari ya nyumba nzima, anakwenda sokoni mwenyewe, na alichonunua ndicho tutakachofuturu. Kinachobaki ni chake, anakitia kwenye kibubu chake mpaka Idi. Daku haimo, daku ni kazi ya watu wazima, kwa hiyo hakuna aliyewahi kulala njaa kwetu. Kabla mtoto hajatoka, Sihaba humuuliza, "Tumbo ni nini leo, na ulimi ni nini?" Tumbo ni mihogo, nazi, samaki. Ulimi ni julabi na soda. "Basi tumbo kwanza," humwambia. "Ulimi una subira."

Ramadhani ya mwaka juzi wakwe walituma salamu asubuhi kwamba wako njiani. Wanakuja kumposea kijana wao Ashrafu binti yangu mkubwa, Nadhira, nao watalala siku mbili. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Adila, kitindamimba wangu.

"Wifi, leo niachie mimi," nilimwambia Sihaba. "Posa ya mtoto haichezewi."

"Nani anacheza?" Akaongeza fedha ya wageni, akamkabidhi Adila kapu.

Adila alirudi na halua, tena ile ya lozi, na kahawa. Basi.

"Mgeni si anakaribishwa kwa halua na kahawa, shangazi?"

"Ndivyo. Na mihogo?"

Mtoto akachungulia kapuni kana kwamba mihogo ingejitokeza.

"Na samaki?"

Akaanza kulia. Nilichukua pochi yangu, Sihaba akaiwekea mkono. "Ukimzibia leo, atajua kwamba mama ana pochi isiyokwisha. Na wewe, wifi, umebaki peke yako, wa kuijaza hayupo."

Niliirudisha pochi kabatini, huku nikiona posa ya mwanangu inaondoka mlangoni.

Basi la wageni lilichelewa, wakaingia adhana ikikaribia. Tukawawekea tende na uji, ambavyo havikosi nyumbani, na kahawa na sinia la halua. Bi Wahida, mama wa kijana, alilitazama sinia, kisha akanitazama mimi. Mzee Alawi, ami wa kijana, hakungoja.

"Bibi, hii ndiyo futari, au futari inakuja?"

Nilifungua kinywa. Sihaba akaniwahi. "Adila, jibu. Zamu ni yako."

"Ndiyo futari, babu," Adila alisema. "Nimenunua ulimi kabla ya tumbo."

Mzee Alawi alicheka mpaka kahawa ikammwagikia kanzu. "Na kesho zamu ya nani?"

"Yangu tena. Aliyekosea anarudia."

"Basi kesho nipo. Ila halua hii isogezeni, isije ikaniua kabla ya kesho."

Usiku wakala daku ya wali na samaki mpaka wakashiba. Hilo wanaosimulia hawalisimulii.

Kesho yake Adila alinunua mihogo, nazi, vibua na ndimu. Kitu kitamu hakununua. Alipakua halua iliyobaki. Chenji akaitia kibubuni mbele ya watu wote. Bi Wahida aliongeza sahani ya pili, ndipo akamgeukia Nadhira.

"Na wewe, mwanangu, umepitia zamu hizi?"

"Tangu nina miaka kumi, mama."

"Ulifuturisha watu halua?"

"Mimi niliwafuturisha tikiti maji tupu. Marehemu baba alikula mpaka maganda, asinivunje moyo."

Bi Wahida hakucheka. Alimtazama sana, kisha akamwambia shemeji yake, "Huyu ndiye atakayenishikia nyumba. Sema lililotuleta."

Mzee Alawi akalisema. Ndoa ilifungwa baada ya Idi, na mapazia ya chumba cha maharusi alishona Sihaba.

Sasa wale wale wa uzushi wanauliza mahari ilikuwa kiasi gani, na Nadhira aliifanyia nini. Mahari ni yake, naye alifundishwa kuipanga. Mimi sisemi.